Mbwa wangu hunusa sukari ikishuka kabla mie sijahisi kitu

Watu wetu wakisikia kwamba naishi na mbwa ndani ya nyumba, swali la kwanza huwa la sala. La pili ni la manyoya. Swali la ugonjwa huja mwisho kabisa, na mara nyingi haliji. Kwa hivyo leo naanza nalo hilo.

Mie nina kisukari cha aina ya kwanza tangu nikiwa na miaka 11. Sio kile kilichojaa majumbani mwetu, Maskati kama Zanzibar, cha wazee wanaoambiwa wapunguze wali na halwa na kupewa vidonge. Aina ya kwanza ni kinga ya mwili wenyewe kugeuka na kuziua chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Hapo kidonge hakifai, na habasoda haifai, ijapokuwa kila shangazi ana chupa yake kabatini. Bila ya sindano ya insulini mtu hafiki mbali. Na sindano ikizidi kidogo, au chakula kikichelewa, au ukitembea zaidi ya ulivyokusudia, sukari inaanguka. Ubongo chakula chake ni sukari. Ikikosekana taa zinazimika moja moja, na wa mwisho kujua kwamba kuna giza ni mwenye nyumba.

Hapa Uingereza tunafundishwa kwamba nne ndio sakafu. Kwa wanaopima kwa miligramu ni kama 70. Chini ya hapo unatakiwa uache kila kitu utie kitu kitamu mdomoni. Miaka ya mwanzo mwili wangu ulikuwa ukipiga kelele wenyewe: mikono ikitetemeka, jasho la baridi, moyo mbio, njaa ya kutaka kula hata kitambaa cha meza. Lakini kwa baadhi yetu tuliokaa na ugonjwa huu muda mrefu, kelele ile hunyamaza. Unaweza kuwa na mbili na nusu ukaendelea kuzungumza, kutabasamu, na kumimina chai nje ya kikombe. Madaktari wana jina lake. Mie naita kengele iliyokatwa waya.

Kwa mtu wa kazi nyengine hilo ni la khatari tu. Kwa mwandishi wa hadithi ni khatari na kejeli pamoja. Hebu fikiria kazi yenyewe ilivyo. Nakaa mezani usiku, watoto wamelala, mume wangu yuko ghalani kazini, zamu ya usiku. Kazi yangu inataka nipotee. Niache kulisikia friji, nisahau kwamba mguu umekufa ganzi, nisikie badala yake upepo kwenye tanga na nahodha akigombana na baharia wake. Ukurasa mzuri haupatikani mpaka upotee hivyo. Sasa na sukari inayoanguka nayo inakuja na upotevu wake, umefanana na ule kama pacha: saa hazihesabiki, sauti za nje zinakuwa mbali, maneno yanakuja bila ya kuitwa. Kwa ndani hakuna tofauti. Wallahi hakuna.

Riwaya ninayoiandika sasa ni ya tatu, khabari za aila ya manahodha wa Sur waliokuwa wakija Zanzibar na msimu wa kaskazi. Usiku mmoja, kabla sijapata mbwa, niliandika kurasa nne nikahisi ndizo bora kuliko zote nilizowahi kuandika. Asubuhi mume wangu aliporudi alinikuta sakafuni karibu na kiti, macho wazi, simjui jina lake. Akaninywesha maji ya machungwa kidogo kidogo, akaita gari ya wagonjwa. Wiki ya pili yake ndipo nilipozisoma kurasa zile. Jahazi linatia nanga Malindi mara tatu katika ukurasa mmoja. Bibi aliyezikwa sura ya kwanza yuko jikoni anakuna nazi. Na kuanzia katikati ya ukurasa wa tatu neno ni moja tu, "pwani", limeandikwa mpaka chini, na ukurasa wa nne wote vile vile.

Nimeziweka mpaka leo. Lakini baada ya pale niliogopa meza yangu mwenyewe. Usiku siandiki, mchana nina watoto na skuli na jiko, na mwandishi asiyeandika ni mtu wa kuzungumzia vitabu tu. Miezi minane ilipita.

Wako waliotutangulia kuandika na ugonjwa. Flannery O'Connor wa Marekani alipatwa na lupasi, ugonjwa ule ule uliomuua baba yake. Akarudi kuishi shamba na mama yake huko Georgia, akiandika saa chache za asubuhi ambazo mwili ulimruhusu, na kufuga tausi. Alifariki Agosti 1964, ana miaka 39. Badr Shakir al-Sayyab, mshairi wa Iraki, alimwandika Nabii Ayub na yeye mwenyewe ni mgonjwa, mwili ukimfa polepole, na akafia Kuwait Desemba ya mwaka ule ule wa 1964, mwaka ambao sisi hatuhitaji kukumbushwa. Nawasoma wote wawili, nawahusudu kwa jambo moja. Ugonjwa wao uliwachukulia saa zao waziwazi. Wangu ulikuwa ukiniibia huku ukinisifu kwamba naandika vizuri.

Ndipo akaja Tofi.

Jina alikuja nalo, sikulichagua mie. Mbwa wa mgonjwa wa kisukari kuitwa Tofi! Waingereza nao wana mzaha wao. Ni Labrador mweusi tititi, kichwa kikubwa, mwenye adabu kuliko wageni wangu wengi. Alifundishwa na shirika la hisani, sikulipa bei yake, nikangoja foleni zaidi ya miaka miwili. Mbwa ni wao mpaka leo. Mie nimekabidhiwa tu.

Anachokinusa ni nini khasa? Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge walichapisha uchunguzi mdogo wa wanawake wanane wenye kisukari cha aina ya kwanza. Sukari yao ilishushwa kwa makusudi, chini ya uangalizi, na kemikali iitwayo isoprini ikapanda katika pumzi yao. Pua ya binadamu haiisikii. Wanadhani ya mbwa inaisikia. Mwaka 2019 ukaja uchunguzi mkubwa zaidi wa Chuo Kikuu cha Bristol, juu ya mbwa 27 waliofundishwa na Medical Detection Dogs, shirika lililoanzishwa mwaka 2008. Waliangalia matukio zaidi ya 4,000 ya sukari kupanda na kushuka. Kwa sukari kushuka, mbwa wa wastani alitambua mara 83 katika kila 100. Wako waliofanya vizuri zaidi na wako waliokuwa wavivu, kama walivyo watu.

Na kuna jambo ambalo watu hawalijui. Insulini yenyewe tumeipata kupitia mbwa. Banting na Best, mjini Toronto mwaka 1921, waliwatoa mbwa kongosho zao, wakawafanya wagonjwa wa kisukari, kisha wakawadunga maji waliyoyakamua kutoka kongosho za mbwa wengine. Mmoja aliyeishi siku nyingi kwa dawa ile aliitwa Marjorie. Januari 1922 ikadungwa kwa mara ya kwanza kwa mtoto wa miaka 14, Leonard Thompson, ambaye bila ya hiyo alikuwa anakufa. Kabla ya hapo watoto kama mie walikuwa wananyimwa chakula ili waongeze miezi michache tu. Kwa hivyo Tofi akilala chini ya meza yangu, naona ukoo wake una haki ya kuwapo pale.

Kazi yake ni hivi. Akisikia harufu anaweka mguu wa mbele gotini kwangu. Nisipoangalia anauweka tena, kwa nguvu. Nisipoangalia tena anakwenda kuchukua kwa mdomo kifuko chekundu chenye kipimo na kiboksi cha maji ya matunda, ananiletea mapajani. Ikishindikana hapo anabweka na kutafuta mtu. Mbwa wengi wa kazi hii huwalamba wenye nao mkono. Mie niliomba tangu mwanzo asifundishwe kulamba, na waalimu wake, Waingereza watupu, hawakuuliza mara mbili.

Anakata sentensi katikati, na siku zote huwa ile nzuri. Kuna siku nimemwambia, "We Tofi, ngoja nimalize kituo," naye kaniangalia kama askari wa barabarani. Napima: tatu na nukta mbili. Nakunywa, nangoja robo saa, napima tena, narudi kwa nahodha wangu. Sentensi nyengine hurudi, nyengine haziji tena. Siku moja moja nina sita kamili na yeye kaweka mguu. Hapo najua anataka biskuti yake ya ujira, na simpi.

Mtu ataniuliza juu ya vile vipimo vya kubandika mkononi vinavyotuma khabari kwenye simu. Ninacho. Ni neema kubwa, na kwa wagonjwa wengi kinatosha, kwa hivyo mtu asisome haya akaenda kutafuta mbwa kesho. Ila kile hakipimi damu, kinapima maji yaliyo chini ya ngozi, na sukari ikianguka kwa kasi kinachelewa dakika kadhaa. Halafu simu nikiizima inazimika. Tofi hazimiki.

Sasa tuje kwenye sala.

Mie si shekhe, na sitaki kumfundisha mtu dini yake. Nitasema tu ninavyoishi. Chuoni nilifundishwa madhehebu ya Shafi: mate ya mbwa ni najisi, yakigusa chombo huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Maliki wao wana kauli nyepesi zaidi. Nimebaki na niliyofundishwa. Chumba cha juu ni cha kusalia, Tofi hapandi ngazi. Nguo za sala zinakaa kabati la kufungwa. Mezani navaa baibui moja la kazi, halitoki pale. Nje karibu na mfereji kuna kopo la udongo safi. Na mkavu juu ya mkavu haupiti najisi. Hilo nalo nililisoma chuoni, na ndilo nililomwambia kijana mmoja wa taksi, Mwislamu mwenzetu, aliyeniona na mbwa akafunga milango. Sikumtajia Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, ingawa inamlazimu kutupakia isipokuwa awe na cheti cha udhuru wa kiafya, na faini yake inafika pauni 1,000. Nilimtajia najisi inavyopita. Akafikiri, akatandika gazeti, tukaenda.

Katika mji huu huu wa Leicester ninaoishi, mwaka 2008 kijana wa Kiislamu asiyeona alikubaliwa kwenda msikitini na mbwa wake wa kumwongoza. Baraza la maulamaa lilitoa fatwa, na msikiti ukamtengea mbwa mahali pa kungojea, mbali na pa kusalia. Wazee walikaa wakazungumza, likapatikana la kufanya.

Kwenye aila yangu mazungumzo yalikuwa marefu zaidi. Ami yangu wa Dubai alituma kwenye grupu letu la WhatsApp ujumbe wa sauti wa dakika sita kuhusu malaika kutoingia nyumba yenye mbwa. Nilimjibu kwa heshima zote: "Shikamoo ami, hadithi hiyo siikatai." Lakini katika hadithi hizo hizo mna mbwa walioruhusiwa, wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na wako maulamaa wa leo waliompima mbwa wa mgonjwa kwa kipimo hicho cha haja. Na Sura ya Pango inamtaja mbwa wa wale vijana, kakaa pale mlangoni. Ami akajibu kwa alama ya mikono miwili iliyoinuliwa, sikujua ni dua au ni kukata tamaa.

Mzito alikuwa mama. Mama anakaa Al Khoudh na kaka yangu, na kwa miaka miwili alikataa kuja.

"Nije nikasali wapi mwanangu?"

"Chumba cha juu mama, haingii."

"Na kwani paka hawezi kazi hiyo?"

Mama ana paka saba. Nikamwambia paka huenda anajua, ila hatokwambia. Alicheka, lakini hakuja. Na mie kwenda kwake nakwenda bila ya Tofi, binamu yangu akilala chumba kimoja na mie, saa yake ya simu ikimwamsha kila baada ya saa mbili kunipima. Binamu ana watoto wake. Hayo huyafanya wiki mbili, si zaidi.

Agosti ya mwaka jana joto la Maskati likamshinda, akaja. Alikuja na mswala wake, birika lake, vikombe vyake na ndara pea tatu, moja ya kila sehemu ya nyumba. Tofi alipompitia alikusanya baibui kama anavuka maji. Hakumwita jina. Alimwita "yule".

Usiku wa tisa, mume wangu yuko kazini, mama kaamka kabla ya alfajiri kama kawaida yake. Mie nilikuwa mezani tangu saa tano. Haya yanayofuata kanihadithia yeye, mie sikumbuki. Anasema alisikia kubweka chini, akakasirika. Kisha akasikia kucha kwenye ngazi. Yule kapanda ngazi asizoruhusiwa, kasimama kizingitini kwa chumba cha kusalia, hakuingia, kifuko chekundu mdomoni. "Toka! Rudi kwako!" Akashuka, akapanda tena. Mara ya tatu mama akamtoka na ndara mkononi, akamfukuza mpaka chini, na huko chini akanikuta nimelalia kibodi, shati limerowa jasho chapa, naongea maneno yasiyo Kiswahili wala Kiarabu.

Nilikuwa nimeshamfundisha kwenye simu, miaka yote ile: kama mgonjwa anameza, mpe kitu cha majimaji kitamu, maji ya matunda au soda yenye sukari, usianze na tende wala chokoleti kwa sababu zinachelewa kufika kwenye damu. Kama hamezi, usimtie kitu mdomoni, piga simu. Mama aliangalia mezani, hakuna kitu. Jikoni hajui kiko wapi. Maji ya matunda yalikuwa ndani ya kifuko, na kifuko kilikuwa mdomoni mwa mbwa, kinadondoka mate.

Akakichukua. Kwa mkono wa kulia, anasema, maana wa kushoto ulikuwa umeshika kichwa changu.

Nilipopata fahamu vizuri nilikuwa kochini, nina tano na nukta moja, na nyuma nasikia mfereji unaendelea. Nilitazama dirishani. Mama kainama kwenye kopo la udongo, anahesabu kwa sauti. Tofi kakaa mbali kidogo anamwangalia. Alipofika saba akafunga mfereji, akajifuta, akaingia ndani akakaa.

"Haya. Mkono umesafika. Huyu anakula nini?"

Mpaka leo hamgusi, na sitegemei atamgusa. Alipokuwa akienda kulala alizidi kufunga mlango. Lakini alikaa wiki tatu zaidi ya tiketi, na sasa akipiga simu kutoka Maskati, baada ya kuuliza wajukuu anauliza, "Daktari kala?" Kwenye grupu la aila nako alituma ujumbe wake wa sauti kumjibu ami. Ulikuwa wa sekunde 40, na tangu hapo ami ananitumia viungo vya riwaya za Kiarabu.

Riwaya yangu imefika sura ya 14. Naandika usiku, kuanzia saa nne mpaka saa nane, na ninapotea kama zamani, kwa sababu yuko wa kuniita nirudi.

Ila Tofi keshafika miaka minane, na mbwa wa kazi hizi hustaafu wakizeeka, pua inapochoka na miguu. Shirika wameniandikia barua tuzungumze mapema. Naweza kumbakisha nyumbani kama mstaafu, na nikaingia tena foleni ya mwengine, ambayo hakuna anayejua itakuwa ya muda gani. Mume wangu anahesabu gharama za chakula cha wawili. Watoto hawataki kusikia la kumtoa. Nilimwambia mama juzi, nikitegemea atasema sasa basi, kipimo cha mkononi kinatosha. Alinyamaza kidogo, nikasikia paka mmoja analia nyuma yake.

"Huyo wa pili," akasema, "waambie wakupe mweupe. Huyu gizani simuoni."